Propani kwenye motahomu (gari lenye nyumba ndani): hita ikiwaka, jiko linanywea na friji inazima. Naomba ushauri

Msafiri_MN:
Habari wakuu. Niko Minnesota, nina motahomu ya 2009. Tangi la gesi limefungwa chini ya bodi, si mitungi ya kubeba. Jiko likiwaka peke yake, moto ni wa bluu na una nguvu. Hita ya ndani ikianza tu, moto wa jiko unanywea, friji inazima na kuwasha taa ya hitilafu, na hita yenyewe inajaribu kuwaka mara tatu kisha inajifunga. Usiku wa baridi kali ndiyo balaa zaidi. Geji ya tangi inasoma nusu. Nimeshauriwa nibadili kadi ya friji (bodi yake ya elektroniki), na bei yake si ya mchezo. Nianzie wapi kabla sijanunua kipuri chochote?

FundiGesi:
Kadi iache kwanza, mkuu. Ingekuwa friji ndiyo mbovu, jiko lisingenywea. Vifaa vyote vikilegea kwa pamoja, tatizo liko kabla gesi haijagawanyika: valvu ya tangi, regulata (kifaa kinachoshusha presha ya gesi itokayo tangini) au bomba kuu.

Anza na lisilo na gharama. Zima kila kitu, funga valvu ya tangi, subiri kama dakika tano. Fungua taratibu sana, robo mzunguko kwanza, acha gesi ijae kwenye bomba, ndipo umalizie. Kwenye njia hiyo kuna kizuizi kinachojifunga chenyewe gesi ikitoka kwa kasi, kikidhani mpira umekatika. Ukifungua kwa pupa, au ukifungua huku plate ya jiko iko wazi, kinajifunga na kubakisha upenyo mdogo. Gesi hiyo kidogo inatosha plate moja, haitoshi hita.

Dada_Spana:
Hapo sawa, ila usibahatishe. Pima. Manomita (kipima presha) ya kununua ni nzuri, lakini mpira mwembamba unaoonyesha, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji, unafanya kazi ileile. Kila mkono uwe na urefu wa nusu mita hivi, ukafunge kwenye ubao wenye rula. Kinachosomwa ni tofauti ya kimo cha maji kati ya mikono miwili.

Mfumo wa motahomu za Marekani unataka inchi 11 za maji, yaani sentimita 28. Usipimie kwenye plate: jiko lina regulata yake ndogo inayoshusha presha hadi karibu inchi 10, itakudanganya. Tumia tundu la kupimia lililo nyuma ya friji, unalifikia kwa mlango wa nje.

Soma kwanza vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Ikizidi 14, au maji yakiendelea kupanda polepole, regulata haifungi vizuri ndani, na hapo usiwashe chochote mpaka ibadilishwe. Kisha washa plate moja, mwisho washa na hita. Presha ikae karibu na 11 wakati wote. Ikianguka hadi 8 au chini ya hapo, gesi haipiti ya kutosha.

Rubani_wa_Milimani:
Kuhusu baridi, niongeze kitu, maana wengi hapa wamezoea gesi ya Tanzania na Kenya, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani. Butani huacha kuvukiza karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Propani ya huku huvukiza hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo gesi yako haigandi. Kinachoganda ni unyevu uliochanganyika nayo. Gesi ikipita kwenye tundu jembamba la regulata inapoa ghafla, barafu inaziba njia. Muuzaji wa gesi anaweza kutia methanoli kwenye tangi, na asijaze kupita asilimia 80, kwani gesi ikiingia kwenye regulata ikiwa bado kimiminika inaleta vurugu hizohizo.

Pima na betri. Volti zikishuka hadi karibu 10.5, feni ya hita inazunguka kivivu, swichi ya upepo (inayohakikisha feni inapuliza) haishiki, na hita inajifunga hata gesi ikiwa nzima. Ila hilo haliwezi kufanya moto wa jiko unywee.

Msafiri_MN:
Asanteni sana. Nimefungua valvu taratibu kama mlivyoelekeza, hakuna badiliko. Nyuma ya friji: vyote vikizimwa 12.5, plate moja 11, hita ikiwaka 6. Betri volti 12.6.

FundiGesi:
Sasa tuna pa kushika. Hamishia kipimo kwenye regulata yenyewe. Nyingi zina plagi ndogo ya kupimia upande wa kutokea. Washa hita tena. Ukisoma 11 hapo na 6 kwenye friji, bomba limebonyea au mpira umechubuka kwa ndani. Ukisoma 6 hapohapo, ni regulata au kitu kilicho kabla yake.

Chungulia tundu la kupumulia la regulata. Matope, barafu au kiota cha nyigu kikiliziba, ngozi ya ndani (kiwambo cha mpira kinachopima presha) haiwezi kusogea kufuata mahitaji. Tundu litazame chini, na regulata ifunikwe isirushiwe maji na matairi. Kama ni ileile ya 2009, mimi ningeibadili bila kusita.

Dada_Spana:
Ukinunua, chukua ya hatua mbili (inayoshusha presha mara mbili), na ujumlishe mzigo kwanza. Hita kubwa ni BTU (kipimo cha joto, hapa kwa saa) 30,000 hivi, ya maji 12,000, jiko na oveni vinakaribia 30,000, friji 1,500. Regulata ya 160,000 inabeba hayo kwa raha. Nyuzi za bomba zipake dawa ya kuziba viungo vya gesi. Viungo vya shaba vyenye mdomo uliopanuliwa visiwekewe tepu wala dawa, vinaziba chuma kwa chuma.

Ukimaliza, fungua valvu, paka povu la sabuni isiyo na amonia kwenye kila kiungo. Kisha funga valvu, punguza presha hadi inchi 8 kwa kufungua plate kidogo, funga plate, tazama maji dakika tatu. Yakishuka hata kidogo, kuna mvujo, na propani ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni. Ukisikia harufu au kengele ya gesi ikilia, usiguse swichi yoyote: tokeni wote, funga kwenye tangi.

Leta vipimo vya pale kwenye regulata tuone kama mpira nao unahusika.