Karatasi si afya, uchotara si kinga: wazalishaji wa mbwa mmetuchosha

Wakuu, salamu tuziache leo. Matangazo ni yale yale kila siku: huku "mbegu safi, ana karatasi", kule "chotara, hawa hawaumwi ovyo". Wote mnadanganya watu.

Hiyo karatasi, yaani cheti cha nasaba, inataja baba, mama, babu na bibi. Basi. Haisemi kama nyonga za mama zimekaa sawa wala kama baba amebeba jeni ya upofu. Tena ukiisoma kwa makini ndipo unashtuka, jina la dume mmoja limejirudia mara tatu ndani ya vizazi vinne. Kaka akimpanda dada yake wa baba na mama mmoja, kipimo cha undugu wa damu kwa watoto ni asilimia 25, hata kama nyuma yao hakuna undugu mwingine. Baba na binti, 25 hiyo hiyo. Waliochangia mzazi mmoja, 12.5. The Kennel Club, chama cha kusajili mbwa cha Uingereza, kilikataa kusajili watoto wa makundi hayo mawili ya kwanza tangu 2009, ila nyie bado mnaita "kuimarisha damu".

Mnaoabudu usafi wa mbegu, mtazameni Dalmatian, yule mbwa mweupe wa madoa. Kasoro ya jeni moja ilienea kwenye mbegu nzima, mkojo ukajaa asidi ya yuriki na mawe yakaziba njia, hasa kwa madume. Jeni isiyo na kasoro ilipatikana kwa kumchanganya na mbwa wa mbegu nyingine, Pointer, mara moja, miaka ya 1970, kisha uzao ukarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Mnaomcheka koko mlijue hilo.

Watu wa chotara msishangilie. Mbwa wa mbegu ya Labrador na wa Poodle wote wawili wanaweza kubeba jeni ile ile mbovu, prcd, inayoua retina (utando wa kuonea nyuma ya jicho) taratibu. Wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupofuka, na kuchanganya mbegu hakujasaidia kitu. Nyonga mbovu nazo ziko pande zote mbili. Uchotara unasaidia pale tu wazazi wasipobeba kasoro ile ile, na hilo hulijui bila kupima. Halafu mnapandisha chotara kwa chotara huku mkiahidi "hadondoshi manyoya". Kizazi cha pili ndipo sifa zinatawanyika: mmoja nywele za kujikunja, ndugu yake anamwaga manyoya mwaka mzima.

La merle, jeni ya rangi ya mabakamabaka, ndilo linaloudhi kuliko yote. Merle kwa merle, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi jeni hiyo kutoka pande zote mbili. Hao mara nyingi ndio weupe sana, wapo viziwi, wapo wenye macho madogo au yasiyoona kabisa. Nanyi mnawatangaza kama "rangi adimu" na kupandisha bei! Mbwa mwingine anabeba merle bila madoa kuonekana, kwa hiyo kumtazama kwa macho hakutoshi. Pima jeni.

Sasa utaratibu, maana mnapenda kusema "hakuna aliyetuambia". Jike hapandishwi joto (kipindi anachokubali dume) la kwanza. Marekani, OFA, shirika linalopima nyonga za mbwa, halitoi daraja la mwisho la nyonga kabla ya miezi 24, sasa wewe unayempandisha wa miezi tisa umepima nini? Kabla ya kupandana, jike na dume wote wapimwe damu kwa bakteria Brucella canis. Inatoa mimba zikiwa zimekaribia wiki ya saba au ya nane, inamwingia binadamu, na kwa mbwa antibiotiki haiaminiki kuimaliza. Siku ya kupandisha isomwe kwa kipimo cha damu cha homoni ya projesteroni. Kanuni yenu ya "siku ya 11 na ya 13" za joto inakosea wengi, kisha jike wa watu anaitwa tasa.

Kalsiamu! Acheni kumlisha jike mjamzito vidonge vya kalsiamu. Mwili ukizoea kuletewa, tezi zinazoitoa kwenye mifupa zinalegea. Maziwa yanapopamba moto, wiki mbili hadi nne baada ya kuzaa, damu inaishiwa kalsiamu ghafla: anahema, anatetemeka, anakakamaa, anakufa. Mbwa wadogo wenye watoto wengi ndio wanaoongoza. Chakula kamili cha watoto wa mbwa kinamtosha.

(Na ile hadithi kwamba jike akipandwa na koko mara moja "ameharibika" milele ni upuuzi. Mimba inayofuata haina habari na dume aliyepita. Kinachowezekana ni madume wawili kuchangia mzao mmoja ndani ya joto moja, ndiyo maana mlango unafungwa mpaka joto liishe.)

Watoto: pima uzito kila siku kwa mizani ya jikoni. Asiyeongezeka siku moja ni dalili, usisubiri ya pili. Minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8, kwa sababu wanaipata kwa mama tangu tumboni. Kumtoa mtoto kwa mama wiki ya tano kwa kuwa "anakula mwenyewe" ni uchoyo tu wa kukwepa gharama za chakula na chanjo. Wiki nane.

Anayekuja hapa chini kuandika "dume wangu anatafuta jike", aweke kwanza picha ya eksirei ya nyonga, majibu ya Brucella na ya jeni za mbegu yake. Picha ya mbwa amekaa kwenye kochi hatuihitaji.