Angalizo la bahari "pwani yote, upepo mkali, mawimbi mita 2": wavuvi tumechoka na utabiri wa namna hii!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Giza la mwezi huu limetuishia ufukweni. Jioni liliingia angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kwenye magrupu: picha ya ramani, pwani yote imepakwa njano kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja na Pemba zimo, Mafia imo. Chini yake sentensi moja, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Basi. Hakuna mgawanyo wa mchana na usiku, hakuna upepo unatoka upande gani, haijulikani wanasema mkondo wa Nungwi au Kilwa. Diko letu, pale boti zinapotokea na kushusha samaki, likafungwa kwa picha hiyo. Usiku ule upepo ukalala, bahari shwari mpaka alfajiri, na sisi tumekaa mchangani. Boti zimefungwa, taa ziko juu, petroli imechukuliwa kwa mkopo, barafu inayeyuka kwenye masanduku.

Kwa asiyejua, dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka, kazi imekwisha mpaka mwezi ufe tena. Ukimnyima mvuvi usiku wa giza umemnyima ada ya watoto.

Najua kuna mtu atakuja hapa aseme "si bora mzuiwe kuliko mfe?" Ndugu yangu, hakuna anayejua kifo cha baharini kuliko sisi tunaozika. Tatizo ni kwamba utabiri huu hauzuii vifo. Kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, likishakaza, Juni hadi Agosti, upepo wa kilomita 40 kwa saa ni jambo la kawaida kabisa hasa mchana. Angalizo linatoka leo, kesho, keshokutwa, wiki nzima ramani ni ya njano. Watu wana njaa, hatimaye wanatoka hivyo hivyo. Siku ya hatari ya kweli inapofika, rangi ni ile ile na maneno ni yale yale, sasa mtu ataijuaje?

Na kuna siku ramani haina rangi yoyote halafu bahari inaua. Mwaka huu boti ya jirani yangu ilipinduka ikiingia kwenye mlango wa mwamba, ule upenyo wa kupita kwenye miamba, upepo mdogo, jua linawaka. Watu walipona, mashine ilikwenda. Yale hayakuwa mawimbi ya upepo wa hapa. Ni mawimbi marefu yanayozaliwa na dhoruba za mbali kusini mwa Bahari ya Hindi, yanasafiri siku kadhaa, na kwenye kilindi hata huyaoni. Yakifika kwenye maji mafupi ya mwamba ndiyo yanainuka na kuvunjika. Mei 2007 mawimbi ya aina hiyo yalipiga kisiwa cha Réunion yakavunja bandari ya Saint-Pierre, na dhoruba yenyewe ilikuwa mbali sana kusini. Wataalamu wanayaona kabla hayajafika. Mbona kwenye taarifa ya mvuvi hayatajwi?

Tuje kwenye hizo "mita 2", maana hapa ndipo damu inaponichemka. Ile namba kwenye utabiri wa mawimbi kwa kawaida siyo wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Ukiambiwa mita 2, ndani ya saa chache tegemea kukutana na wimbi linalokaribia mita 4. Nani amewahi kumwambia hivyo nahodha wa ngalawa? Mimi nimelisoma mwenyewe kwenye simu, na nilipowaeleza wazee dikoni walinyamaza kabisa.

Halafu mita 2 zipo za aina mbili. Wimbi la mita 2 linalopita kila baada ya sekunde 12, boti inapanda na kushuka taratibu. Wimbi la mita 2 kila baada ya sekunde 5 linakuja kama ukuta, hujamaliza kushuka jingine limekufika. Ndivyo inavyokuwa kwenye mkondo wa Pemba wakati wa kaskazi, kwa sababu maji pale yanakwenda kaskazini mwaka mzima, na upepo wa kaskazi unayapiga usoni. Kila mzee wa Mkokotoni anajua hilo. Utabiri haulijui, au unalijua na hausemi.

Na saa jamani, saa! "Saa 24 zijazo kuanzia saa tatu usiku." Upepo wa pwani hauvumi sawasawa saa 24. Alfajiri kuna umande, ule upepo mwanana unaotoka bara, asubuhi ikipanda kusi linaamka, mchana ndiyo linachafua, usiku mara nyingi linapungua. Niambie mchana kilomita 40, usiku 15, nitatoka jua likizama na nitarudi kabla ya saa nne asubuhi. Ukinipa namba moja ya siku nzima umenipa ile ya saa nane mchana, saa ambayo mimi nimelala nyumbani.

Vijana wanasema tumia programu za simu, zinaonyesha saa kwa saa bure. Tunazitumia. Lakini mfano mmoja maarufu wa kompyuta wa kutabiri hali ya hewa, ule wa Marekani unaotolewa mara nne kwa siku, namba zake za kawaida zinagawa dunia kwa miraba ya takriban kilomita 28. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara unaingia kwenye miraba miwili hivi! Hauwezi kuona upepo unavyobanwa pale wala mwamba ulipo. Ndiyo maana tunahitaji mtaalamu wa hapa hapa, na ndiyo maana nakasirika.

TMA wakitaka wanaweza. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, tulielezwa kiko umbali gani kutoka pwani, kinaelekea wapi, taarifa mpya kila baada ya muda mfupi mpaka kikafika Mafia tarehe 4. Boti za abiria zilisimama na hakuna aliyebisha. Siku ile watu walitii kwa sababu walielezwa.

Tunachotaka: utabiri kwa eneo, Pemba peke yake, Nungwi peke yake, Mafia peke yake. Mchana mbali, usiku mbali. Upepo unatoka wapi. Mawimbi yanapishana sekunde ngapi. Na uje kwa ujumbe wa maandishi, maana manahodha wengi wana vitochi, simu ndogo za kawaida, na hiyo picha ya ramani haifunguki.

Wavuvi na mabaharia mlioko humu, Tanga, Bagamoyo, Kilwa, hata Lamu na Shimoni kama hali ni hiyo hiyo: wekeni hapa chini tarehe, jina la diko, angalizo lilisema nini na bahari ilikuwaje saa ngapi. Nakusanya. Tukipata za msimu mzima wa kusi nazichapa na kuzipeleka ofisini kwao mkononi, na kamati yetu ya wavuvi imeshakubali kunisindikiza.