Tupeane uzoefu: siku mtoto alipopaliwa na chakula mbele ya macho yako, ulifanyaje?

MamaDogo_Tegeta:
Wakuu habari za jioni. Mpaka sasaivi mikono inatetemeka ndo maana nimeamua niandike. Jana kulikuwa na bethdei kwa jirani, pilau, soda, keki, spika imefunguliwa mpaka mwisho kama kawaida yetu. Kuna katoto ka miaka 2 na kitu kalikuwa kamekaa kwenye mkeka na kisahani cha zabibu, anakula mwenyewe anacheka. Mi nageuka kuchukua soda nikirudi naona kamenyamaza. Hakakohoi, hakalii, macho yametoka, mdomo wazi na hakuna sauti, afu midomo inaanza kuwa kama imepakwa wino. Mi nilidhani mtoto akikabwa utasikia, kumbe husikii kitu.

Tulikuwa watu wazima kama 15 pale. Mmoja anampepea na khanga, mwingine anamwagia maji utosini, mama yake anapiga yowe, mi mwenyewe nimesimama na soda yangu mkononi kama sanamu. Aliyetuokoa ni dada mmoja wa saluni ya pale nje, sijui hata katokea wapi, alimnyang'anya mtoto akamlaza kifudifudi kwenye mapaja yake, kichwa chini, akampiga na kiganja katikati ya mabega, moja mbili tatu nne, ya nne zabibu ikatoka nzima nzima haijatafunwa hata kidogo. Mtoto akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama jana.

Nina wa kwangu wa mwaka na nusu. Naomba mliopitia haya mseme, nijifunze.

Kapuku Mstaarabu:
Umenikumbusha mbali sana dada. Naweka kiti hapa.

Mgogo_Halisi:
Poleni sana ila naomba msizisingizie zabibu zetu za Dodoma, kosa ni la mliompa mtoto nzima. Sisi huku watoto wanakua nazo shambani.

MamaDogo_Tegeta:
Mgogo hakuna aliyesema za Dodoma jamani 😂 ila sawa, ulitaka tufanyeje?

Mgogo_Halisi:
Kata kwa urefu, vipande 4. Sio kwa mviringo. Ukikata mviringo unatengeneza kizibo. Soseji hivyo hivyo, zile duara duara mnazoweka kwenye lanchiboksi ni kizibo tosha, pasua kwa urefu kwanza.

Mwanakwetu wa Kisauni:
Wallahi nimesoma hapa mwili wangu umesisimka. Sisi Mombasa ni mabuyu. Yale mekundu ya pakti. Kijana wangu alikuwa na miaka 3 afyonza mbegu huku arukaruka kwenye kitanda, mbegu ikateleza ikaenda. Mamangu mzazi, mama wa miaka 70, alimshika yule mtoto miguu yote miwili akamning'iniza kichwa chini kama kuku wa sokoni akimpiga mgongo. Mbegu ikatoka na mate mekundu, mimi nikadhani ni damu nikazimia mimi. Yaani mtoto amepona, wa kupepewa ni mamake.

Nesi Mstaafu:
Alhamdulillah ilitoka, ila msiige hiyo ya kumning'iniza miguu. Mtoto wa miaka 3 ni mzito, akikuponyoka anaanguka na kichwa na shingo, sasa una matatizo mawili.

Mwanakwetu wa Kisauni:
Nesi kwa heshima zote, ilifanya kazi.

Nesi Mstaafu:
Kilichofanya kazi ni makofi ya mgongoni mwanangu, sio miguu.

BabaWawili:
Nimekuwa nasoma tu hizi mada siku zote sichangii ila hii imenigusa mahali. Nitaandika ndefu mnisamehe.

Mwaka juzi kijana wangu wa kwanza alikuwa na mwaka 1 na miezi 10. Tukaanza kuona anakohoa, kikohozi kikavu, usiku zaidi, na akipumua kuna kama kifilimbi upande mmoja. Tukaenda dispensari ya mtaani wakatupa dawa ya maji ya kikohozi. Wiki ikapita. Tukarudi wakatupa antibayotiki. Ikatulia kidogo, dozi ilivyoisha ikarudi na homa. Kituo kingine wakasema ni pumu, tukapewa ile ya kupuliza. Eksirei ikapigwa, safi, hakuna kitu. Wiki ya 3 sasa. Mama mkwe kaja kutoka kijijini kamwangalia mtoto kasema nyie watoto wa mjini mnahangaika bure, hiki ni kimeo, kile kinyama cha kooni, kinatakiwa kikatwe, na mkataji yupo anamjua. Mimi nilikataa lakini siku zinavyoenda hela zinaisha, mtoto halali, na mimi nikaanza kulegea. Nauli ya kwenda kwa mkataji nilishaitoa mfukoni, naandika hivi nasikia aibu.

Kesho yake asubuhi kabla ya safari mke wangu akasema tujaribu hospitali moja ya mwisho. Tukamkuta daktari kijana tu, hata ndevu hazijaota vizuri, kamsikiliza mtoto kifua kushoto, kulia, kushoto tena, kanyamaza. Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza, siku kikohozi kinaanza mtoto alikuwa anafanya nini? Sisi tukatazamana, hatukuwepo, tulikuwa kazini. Tukampigia simu dada wa nyumbani, simu ikiwa spika. Kimya. Afu akaanza kulia. Akasema siku ile alikuwa anakaanga karanga, mtoto akachota akawa anakimbia nazo mdomoni, akapaliwa, akakohoa sana mpaka akawa mwekundu, afu akatulia, akaendelea kucheza. Basi akaona yameisha. Aliogopa kutuambia.

Tukapewa rufaa Muhimbili, wakamlaza usingizi wakaingiza mrija wa kamera mpaka kwenye njia ya hewa, wakatoa nusu karanga imevimba imelainika. Nusu tu. Wiki 3 imekaa kwenye pafu la mwanangu. Daktari alituambia karanga haionekani kwenye eksirei kama shilingi inavyoonekana, na mafuta yake yanachokoza pafu ndo maana homa zilikuwa zinarudi.

Jioni ile ile alikuwa anakula uji.

Kapuku Mstaarabu:
Dah.

Shangazi wa Buguruni:
Nimelia hapa kwenye mwendokasi watu wananiangalia. Huyo dada mlimfanyaje?

BabaWawili:
Yupo mpaka leo. Mke wangu alitaka aondoke, mimi nikasema tukimfukuza huyu anayekuja atajifunza kuficha vizuri zaidi.

Kigogo_Original:
Mkuu hapo umekosea. Mtu kaficha kitu wiki 3 mtoto anaumwa anaona! Huyo ni wa kuondoka siku hiyo hiyo.

Shangazi wa Buguruni:
Wewe Kigogo huyo dada unamlipa sh ngapi? Ana miaka mingapi? Kuna aliyewahi kumkalisha akamwambia mtoto asipewe karanga? Mnamwachia mtoto saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, mkirudi mnauliza kala tu.

Kigogo_Original:
Sijasema kuhusu mshahara mama nimesema kuhusu uaminifu

Shangazi wa Buguruni:
Uaminifu unakuja mtu akijua hatapigwa.

Mzee wa Busati:
Na mimi niulize kwa upole, hivi kimeo kina ubaya gani? Mimi nilikatwa 1978, wadogo zangu wote tumekatwa, mpaka leo tunadunda. Msidharau vya wazee.

Nesi Mstaafu:
Mzee wangu shikamoo. Wewe ulipona, nafurahi. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, nimepokea waliokatwa wakavuja damu mpaka wamekuwa weupe kama karatasi, na wengine pepopunda. Kimeo ni kinyama cha kawaida tu kila mtu anacho, hakileti kikohozi. Huyu wa BabaWawili angekatwa kimeo na karanga ingebaki pale pale.

Mzee wa Busati:
Marahaba. Sijasema nimpinge daktari. Nimesema tulikatwa.

Chalii wa Ziwa:
Turudi kwenye mada. Sisi Mwanza ni mwiba wa sato. Dawa yake tonge la ugali mkavu, unameza bila kutafuna, mwiba unaondoka nao. Nimekula sato miaka 30 sijawahi kwenda hospitali.

Ndizi_Mbivu:
Ndizi bora kuliko ugali

Bi Sharifa Muscat:
Sisi tulifundishwa wali wa baridi.

Nesi Mstaafu:
Chalii wewe fanya utakavyo ni koo lako. Ila mtoto mdogo mwenye mwiba unampa tonge asilolitafuna, si unamkaba mara ya pili? Na tonge linaweza kuuzamisha mwiba zaidi. Kama anapumua vizuri na analia mpeleke wautoe na koleo dakika 2.

Chalii wa Ziwa:
Dakika 2 na foleni masaa 4 😅

Mpenda Elimu:
Nashangaa nyote hapa hamjataja njia ya kisayansi, ya kumkumbatia kwa nyuma na kumbana tumbo, aliyoieleza daktari Mmarekani Heimlich mwaka 1974. Hayo makofi ya mgongoni ni ya kizamani yanaweza kuzamisha kitu zaidi.

Nesi Mstaafu:
Mpenda Elimu umeishia 1974. Hao hao Wamarekani, chama chao cha moyo, kwenye mwongozo wa 2025 wameweka makofi 5 ya mgongoni kwanza, ndio unafuata na kubana tumbo mara 5, unarudia hivyo mpaka kitoke. Na kubana tumbo ni kwa aliyezidi mwaka 1. Kichanga chini ya mwaka HABANWI TUMBO, unaweza kumpasua ini. Unamlaza kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini ya kifua, makofi 5, unamgeuza, unambonyeza katikati ya kifua mara 5, unarudia.

Na kama anakohoa kwa sauti au analia, mwache akohoe, usimpige, usimpe maji, kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Kidole msiingize kama hamkioni kitu, mnakisukuma ndani. Akilegea kabisa mlaze chini anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine anatafuta usafiri. Na kikishatoka kwa kubanwa tumbo, bado apelekwe akaangaliwe.

Mpenda Elimu:
Sawa nimeelimika. Ila nilikuwa sahihi kuhusu 1974.

Bi Sharifa Muscat:
😂😂 Huku Oman wangu alimeza tende na kokwa yake, miaka 2, ikasimama kooni. Mume kapiga 9999, mimi sikusubiri, nikampiga mgongo ikatoka kabla hata hajamaliza kueleza nyumba iko wapi. Tangu siku ile tende nyumbani kwangu zatolewa kokwa na kupasuliwa, hata za wageni. Wageni wanashangaa.

Kigogo_Original:
Nyie mna 9999. Sisi ambulensi yetu ni bodaboda.

Mama Koku:
Ngoja na mimi nitoe langu, sijawahi kumwambia mtu. Nyote mnasema karanga na zabibu, wangu alikabwa na uji. Nilijifungulia kwetu, bibi akawa ananisaidia. Mtoto miezi 7 alikuwa hataki kula, bibi anamlaza mapajani, anamziba pua, mtoto akifungua mdomo apumue anamiminiwa uji kwa kiganja. Mimi nilikuwa nashika miguu. Narudia, miguu nilikuwa nashika mimi. Siku hiyo akapaliwa akawa hapumui sekunde sijui ngapi, uji ukatokea puani. Akarudi, lakini usiku homa, kifua, tukalazwa siku 6 nimonia. Bibi mpaka anafariki alikuwa anasema ni baridi.

Shangazi wa Buguruni:
Pole mwanangu. Tulilishwa hivyo wengi.

Mzee wa Busati:
Wote tulilishwa hivyo na tupo.

Mama Koku:
Mzee waliokufa hawaandiki hapa.

Mzee wa Busati:
...Hilo nalo neno.

Mgogo_Halisi:
Kwetu ilikuwa hivyo pia. Mtoto akikataa kijiko kishushwe, saa nyingine atakula. Na akae, wima, sio amelala, sio anakimbia, sio kwenye bajaji inayoruka matuta na mahindi ya kuchoma mkononi. Hayo mahindi ndo nawaona nayo kila siku barabarani.

MamaDogo_Tegeta:
Jamani asanteni nimeandika kila kitu. Kwa hiyo karanga nzima mpaka lini? Na bisi?

Nesi Mstaafu:
Nzima asipewe mpaka afikishe miaka 5. Magego ya nyuma yanakuja karibu na miaka 3 na hata akiwa nayo bado hajui kusaga vizuri, na njia yake ya hewa ni nyembamba kama mrija wa soda. Saga, tia kwenye uji au mchicha. Siagi ya karanga paka nyembamba kwenye mkate, usimpe kijiko, inaganda kooni. Bisi nazo hivyo hivyo, na pipi ngumu. Karoti chemsha. Nyama ichane nyuzi nyuzi. Na wakubwa zake wafundisheni, maana mnaficha karanga kabatini kaka wa miaka 6 anamgawia mdogo wake kwa upendo.

BabaWawili:
Hiyo ya kaka naithibitisha. Wa pili wangu nilimkuta na bazoka mdomoni kapewa na wa kwanza. Yule yule wa karanga.

Ndizi_Mbivu:
Na ubuyu wa mbegu je, kuanzia miaka mingapi?

Mwanakwetu wa Kisauni:
Kwangu 10 na ukiwa umeketi.

Chalii wa Ziwa:
Mi nina 34 na juzi nimepaliwa nao ofisini, bosi ndo kanipiga mgongo. Alipiga zaidi ya 5, nahisi kulikuwa na mengine moyoni.