Tangi la lita 600: kenista au sampu? Na umeme wenyewe ndo huu

kiembe_samaki_kweli
Assalam alaykum wana samaki. Nshapata tangi kwa mtu anahama, sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yani lita 648 likijaa pomoni ila nikitoa mchanga na mawe na ile nafasi ya juu naona zitabaki kama 560 hivi. Nataka kufuga frontosa wa Tanganyika na nikiweza nichanganye na wale wadogo wa njano wa Nyasa. Sasa filta ndo inanichanganya. Dukani nimeoneshwa kenista (ile filta ya kopo lililofungwa, inakaa nje ya tangi) imeandikwa lita 2000 kwa saa, muuzaji anasema inabeba tangi mpaka la 600, fundi vioo wa mtaani anasema achana nayo ye atanitengenezea sampu, yani tangi la pili la kuchujia maji, ikae chini ya meza. Maji nnatumia ya kisima. Umeme mnaujua wenyewe. Nipo Kiembesamaki, na ndio, utani nshausikia wote.

BaTangi
Waalaykum salaam. Sheikh hiyo 2000 imepimwa kenista tupu, haina sponji haina mawe ndani, ukishaijaza na ikishachafuka kidogo usishangae ikakupa nusu. Na frontosa sio samaki wa mchezo, dume linapita sentimita 30, linakula sana na linakunya sana. Kwa samaki kama hao watu wengi wanataka maji yote yapite kwenye filta mara 5 mpaka 8 kwa saa, kwahiyo wewe unatafuta kitu cha lita 3000 na kuendelea za kweli, sio za kwenye boksi. Mie ningechukua kenista mbili, moja kila upande, mwezi huu unasafisha hii mwezi ujao ile, bakteria wanaosafisha maji hawafi wote kwa pamoja. Na sponji osha kwa maji ya tangi lenyewe, ukiziweka chini ya mfereji wenye klorini umeua filta yako.
Wale wa njano wataliwa, subra tu.

vioo_na_silikoni
BaTangi kenista mbili nzuri lakini bei ya mbili anajenga sampu na chenji inabaki. Sampu ni tangi jengine la kioo tu, huhitaji hata kioo kipya, maji yanashuka yenyewe yanapita kwenye sponji alafu kwenye mawe ya bakteria alafu pampu inayarudisha juu. Hapo kwenye pampu ndo uangalie, lita zilizoandikwa ni za pampu ikiwa haipandishi maji, ukiipa mita moja na nusu ya kupanda inapungua sana, kwahiyo nunua kwa kusoma ule mchoro wa nyuma ya boksi sio namba kubwa ya mbele.
Kabla fundi hajashika dirili muulize kioo cha chini ni tempa (kile kilichopikwa kwa moto kiwe kigumu) au sio. Tempa haitobolewi, inasambaratika yote mara moja. Mwambie atoboe cha nyuma baada ya kuhakikisha nacho sio tempa.
Na mtu asikuuzie kile kiboksi cha kuning'iniza kinachovuta maji kwa mpira, umeme ukizima mvuto unakatika, ukirudi pampu inapandisha maji juu na ya kushuka hakuna, sebule yote bahari.

kiembe_samaki_kweli
Sasa hilo ndo linanitisha na hiyo sampu, umeme ukizima maji ya juu si yatashuka yote?

vioo_na_silikoni
Hayashuki yote yakhe, yanashuka mpaka usawa wa lile tundu la kumwagia yanasimama. Tangi lako kila sentimita moja ya juu ni karibu lita 11 (180 mara 60 ni 10,800), yakishuka sentimita 3 ni kama lita 32, basi sampu iwe na nafasi tupu ya lita 50 daima. Alafu lile bomba la kurudishia toboa kitundu kidogo chini kidogo tu ya uso wa maji, maji yakishuka kinavuta hewa na bomba halirudishi tena maji kinyume. Kitundu hicho kisafishe, konokono wanapenda kukaa hapo. Kabla ya kutia samaki zima pampu mwenyewe kwa makusudi ukiwa umekaa na ndoo.

mama_wa_wete
Nyote mnabishana pampu, mie nauliza ikizima usiku kucha. Wanaokumbuka giza la 2008 Unguja, na ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua nnachosema. Kenista imefungwa, ikisimama masaa mengi bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo ndani wanakufa, ukirudi umeme inakutemea ule uozo wote tangini. Ikizima sana ifungue uimwage kwanza. Sampu ina nafuu kwa kuwa iko wazi.
Lakini lolote utakalochagua, kaka, weka na sponji mbili za pampu ya hewa inayotumia betri ya 12V, inakula umeme mdogo sana, betri ndogo ya alamu inafika asubuhi. Maji yetu yako nyuzi 28, 29, oksijeni inakaa kidogo kuliko kwenye maji ya baridi, samaki wakubwa ndo wanaanza kutweta juu. Na kisima cha jiwe la matumbawe kinatoa maji magumu yenye pH ya juu, frontosa wanayapenda hasa, ila pH ikiwa juu amonia ile ile ya uchafu wa samaki inakuwa sumu kali zaidi, kwahiyo filta ikilala huna muda wa kujivuta. Kisima kikiwa karibu na pwani onja kwanza, chumvi isiwe imeingia.
Ndani ya sampu tia madodoki ya plastiki ya kuoshea vyombo, mapya, yasiyo na sabuni. Rahisi na bakteria wanakaa vizuri tu.

BaTangi
Dada wa Wete kwa betri nakubali. Kwa kenista bado nabisha, hazipigi kelele ya maji sebuleni.

kiembe_samaki_kweli
Basi sampu, na sponji mbili za betri. Fundi nimempigia, anasema kioo cha chini hajui kama tempa, eti atajua akishaanza kutoboa 😳

vioo_na_silikoni
Tafuta fundi mwengine.

mama_wa_wete
Na akishamaliza huyo mwengine usikimbilie samaki, iache inazunguka wiki 4 mpaka 6 na chakula kidogo cha kuoza ndani, pima amonia na naitraiti (nitrite, sumu inayotokana na amonia) mpaka zote zisome sifuri. Ukipata sponji chafu ya mtu mwenye tangi zima muda unapungua. Mie ninayo, boti ikija nakufungia kwenye mfuko na maji yake.