"Soft" imeniponza kazini, nisaidieni kabla ya Alhamisi

Mama Nuru, Leeds
Habari zenu wadau. Mzee ninayemhudumia ana shida ya kumeza, yuko Level 4, yaani chakula cha kusagwa. Nilimsagia kuku na viazi kwenye blenda mpaka vikawa laini kabisa, kwenye rekodi nikaandika "soft". Meneja anadai nimempa Level 6, SALT (mtaalamu wa usemi na kumeza) kaambiwa, suala limeenda safeguarding, wale wanaolinda wagonjwa wasidhuriwe. Wameniletea maelezo waliyoandika wenyewe nitie saini. Nisaini? CoS yangu, cheti cha udhamini wa visa, iko kwao.

Mudi, Coventry
Pole dada. "Soft" ni kinachobonyea, hata kikiwa na vipande. Chako ni "smooth", hakina punje wala donge. Sisi vyote tunaviita laini. Mie niliandika kisigino cha bibi mmoja ni "soft", nikisifia mafuta niliyompaka. Nesi akaja mbio na fomu za vidonda vya kulalia! Kumbe kisigino kikibonyea ni dalili mbaya.

Shani, Reading
Kaka Mudi, usimpoteze mwenzio. Level 4 haiitwi "smooth", inaitwa "pureed": ukiinamisha kijiko kinadondoka kizima. Level 6 ni "soft & bite-sized", kipande kisizidi sentimita 1.5. NHS, huduma ya afya ya hapa Uingereza, walitoa tahadhari Juni 2018 kuhusu hiyo "soft diet", maana hata Waingereza wenyewe kila mtu alikuwa na yake kichwani, wagonjwa wakapaliwa. Andikeni namba ya Level. Kwenye mafunzo mnasinzia.

Mudi
Nani kasinzia? Nimeeleza maana ya neno, sijataja jina la Level. Na mkate je? Ni "soft", lakini mtu wa Level 6 hapewi hivi hivi. Soma kwanza ndipo ujibu.

Mzee Kombo, Glasgow
Wanangu, taratibu. Mnanikumbusha boko boko ya Idi kwetu Pemba, ngano na nyama vinapigwa mpaka nyuzi zinapotea. Hiyo mngeipa Level ngapi?

Shani
Shikamoo mzee. Wangeikataa, inanata. Level 4 haitakiwi kunata.

Mama Nuru
Asanteni, ila naulizia saini.

Tatu, Luton
Tatizo si Kiingereza, ni CoS. Waajiri wakikufuta, serikali inakupa siku 60 tu upate mdhamini mwingine au uondoke, na waajiri wanalijua hilo. Machi 2024 serikali ikazuia makea kuja na familia, Julai 2025 ikafunga kabisa kuajiri makea kutoka nje. Halafu wanalia hawana watu! Na balozi zetu kimya, mpaka aje kiongozi ndipo tunaitwa kupiga picha.

Mudi
Familia walizuia kwa wanaoanza. Waliokuwa kwenye visa hiyo kabla ya tarehe 11 Machi hawakuguswa. Msitishe watu.

Tatu
Wewe uliyeshapata pasi nyekundu ya Uingereza utajuaje?

Mudi
Ni ya buluu siku hizi.

Mzee Kombo
Bi Shani, inanata kwa sababu mnaipika kwa blenda. Ipigwe kwa mwiko, samli baadaye. Hivi hapa Glasgow samli ya maana inauzwa wapi?