Naogopa urefu, na Desemba napanda Kilimanjaro kwa Machame. Ukuta wa Barranco mliupitaje?

Fundi_Moro

Wakuu, habari za jioni. Naomba msinicheke, au mcheke kidogo kisha mnijibu.

Nina miaka 38, nina familia, na sipandi ngazi kubadilisha balbu. Mke wangu ndiye anayepanda, mimi nashika ngazi chini na kutoa ushauri. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne na roshani ndiko watu wanakonywea chai. Mimi yangu nainywa ndani, mwaka wa sita huu, nikisingizia upepo.

Sasa tumechangishana watu 12 tangu Februari ili tuwe kileleni tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru. Njia ni Machame. Miguu na pumzi sina wasiwasi navyo. Shida ni video ambayo mwenzetu katuma kwenye grupu: mtu kwenye ukuta wa Barranco, lile jabali la kupanda kwenye njia hiyo, kakumbatia jiwe kama ndugu aliyepotea siku nyingi, na chini yake ni ukungu mtupu. Niliizima haijaisha, viganja vimelowa.

Je, kuna kamba? Anayetetemeka magoti anapita? Au niwaombe wenzangu tuhamie njia ya Marangu? Nusu ya hela imeshalipwa.

Chachandu

Mkuu, utaratibu uko wazi. Mke apande mlima, wewe ushike geti la Machame na utoe ushauri.

Mhasibu_Tanga

Kaka Fundi, mimi sikucheki. Nilikuwa nakaa ghorofa ya tatu hapa Tanga na nguo naanika sebuleni. Majirani walidhani nina siri. Ukuta huo niliupita mwaka juzi nikiwa na miaka 41.

Kamba hakuna, wala hakuna kuning'inia. Chukulia ni ngazi ya mawe ambayo aliyeijenga alikuwa na haraka. Wote una kama mita 250 kwenda juu, ila hukutani nazo zimesimama wima mbele yako. Njia inakatakata: unapanda kijukwaa, unavuta pumzi, unapanda kingine. Mikono inafanya kazi kweli, ndiyo maana fimbo za kutembelea zinafungwa kwenye begi. Sisi tulitumia saa moja na nusu, foleni ikiwemo.

Ila mimi sikuanzia pale. Miezi mitano kabla nilikwenda Lushoto kwa shangazi, nikafika Irente, lile jabali linalotazama tambarare chini kule Mazinde. Siku ya kwanza niliishia hatua kama 20 kutoka ukingoni. Nikakaa kwenye nyasi, kisha nikaanza kusogea kwa makalio mbele ya wanafunzi waliokuja ziara. Mmoja akamuuliza mwalimu wake, "Huyu mama anaumwa?" Sikuondoka. Moyo ulipiga, jasho likatoka, na baada ya muda, sijui nieleze vipi, mwili ulichoka kuogopa. Nikaanza kusikia njaa! Nikala mhogo wangu, nikasogea kidogo, nikakaa tena. Kesho yake nikarudi.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la miaka yote. Kila hofu ilipopanda nilikimbia, moyo ukatulia, na akili ikaweka kumbukumbu kwamba kukimbia ndiko kulikoniokoa. Hofu ukiisubiri mahali salama bila kuondoka, inashuka yenyewe. Nasema mahali salama. Wale rafiki wa kukusukuma ukingoni eti "zoea, zoea" waogope kuliko jabali.

Halafu nikaenda Ziwa Manyara, kwenye daraja la kamba linalopita katikati ya miti. Lina mita 370. Kwa waoga ni zuri kwa sababu linaanza chini na kupanda taratibu mpaka kama mita 18, ila linayumba, lisikudanganye. Pale nilijifunza jambo la macho. Ukiwa juu, vitu vyote viko mbali, macho hayana cha karibu cha kushikilia, hivyo hata mwili ukiyumba kidogo tu unahisi unaanguka. Nikakazia macho fundo la wavu lililo mbele yangu, halafu linalofuata, halafu linalofuata. Magoti yakatulia.

Sasa siku yenyewe. Tulitoka kambi ya Barranco saa moja asubuhi. Jua wakati huo bado liko nyuma ya ukuta, unapanda kivulini, na ubaridi wa jiwe unapenya glavu. Mwongozaji wetu, mzee mmoja wa Kibosho, aliniweka nyuma yake akaniambia, "Dada, bonde lisikuhusu. Wewe tazama kiatu changu." Kiatu cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya manila ya kijani, mafundo mawili, ncha imeunguzwa kwa kiberiti isifumuke. Leo hii naweza kukuchorea. Kikienda kulia nakwenda kulia, kikisimama nasimama.

Ile sehemu ya kukumbatia jiwe uliyoiona kwenye video ipo, wanaiita jiwe la kubusu. Jabali limetoa tumbo, njia imebana, unalikumbatia kifua kwa kifua na kupitisha mguu upande wa pili. Ni hatua mbili tatu, basi. Mimi niliganda hapohapo. Mguu wa kulia ulikwenda, wa kushoto ukagoma, na nyuma kuna foleni. Nikaanza kuwaomba watu wote samahani, hata wasionisikia. Mzee hakunivuta. Alisema niweke shavu kwenye jiwe nihesabu pumzi kumi, mlima hauna pa kwenda. Jiwe lilinukia vumbi lililolowa. Kwenye pumzi ya saba nikawasikia wapagazi wawili nyuma yangu wanabishana habari za Simba na Yanga, mmoja kabeba trei za mayai kichwani, wala hajashika popote. Nikaona aibu, nikapita. Ukweli ni kwamba ni aibu iliyonivusha. Ujasiri nilikutana nao juu, tunakula biskuti.

Usitegemee kwamba utashuka umepona. Siku hizi naanika nguo nje, lakini ukingo wa roshani siuegemei, na sioni sababu ya kuuegemea.

Mgumu_wa_Moshi

Dada kaeleza vizuri. Mimi nimebeba mizigo njia hiyo kabla sijaanza kuongoza wageni, naongeza machache.

Wapagazi wakikupita, na watakupita tu, simama upande wa jiwe. Usiwapishe kwa kujisogeza upande wa bonde, hata kama unataka kuwa mstaarabu. Na usiondoe mkono au mguu mmoja kabla vingine vitatu havijakaa sawa. Ukishika hilo hutahitaji kuangalia chini zaidi ya pale unapokanyaga.

Jambo la pili watu hulichanganya. Siku moja kabla ya ukuta mnapita jabali la Lava Tower, mita kama 4,600, kisha mnashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Ukiamka asubuhi kichwa kinagonga, unatapika, unapepesuka hata pale mlipopiga hema, hiyo si hofu ya ukuta, ni mwinuko umekushika. Mwambie kiongozi kabla hamjaanza kupanda. Nimeona mtu anaficha kwa sababu ameambiwa yeye ni mwoga, akidhani ni uoga tu.

Desemba mvua inaweza kuwepo na jiwe likateleza, kwa hiyo soli iwe na meno. Mwombe kiongozi wenu msiwe wa kwanza kutoka kambini. Foleni ya nyuma ndiyo inayowatia watu presha kuliko bonde lenyewe.

Marangu haina ukuta, unalala kwenye vibanda Mandara, Horombo na Kibo, na kilele ni kilekile, mita 5,895. Si aibu kuihamia. Ila jua kwamba ukuta unaupanda tu, huushuki. Ukifika juu mnaendelea kwenda kambi ya Karanga, na kurudi ni kwa njia ya Mweka. Na usiku wa kwenda kileleni giza litakusaidia, unaona taa yako na visigino vya aliye mbele.

Jirani_Naivasha

Niwape ya huku Kenya. Hapa hifadhi ya Hell's Gate kuna mnara wa mawe, Fischer's Tower, mita 25 hivi, jina ni la Mjerumani aliyepita huku mwaka 1883. Unapanda ukiwa umefungwa kamba. Mimi kuangalia kiatu cha mtu hakungenisaidia, shida yangu ilikuwa kutoamini kamba. Nilipanda mita tatu nikamwambia jamaa anayeishika anishushe. Nikapanda nne, anishushe tena. Alinishusha mara sita siku hiyo bila kuninunia. Ile ya saba nilipita katikati, nikatosheka, nikaenda kula samaki. Juu sijafika hadi leo.

Chachandu

Jirani, mita 25 umekwenda kwa mafungu kama mkopo wa pikipiki.

Fundi_Moro

Wakuu, nimesoma yote, hata ya Chachandu.

Sijahama Marangu. Leo saa nne nimekunywa chai roshani. Mgongo ukutani, sikuusogelea ukingo. Dakika za kwanza kikombe kilikuwa kinagonga kisosi mpaka watu wakageuka. Nikachagua skrubu moja kwenye reli, ina kutu upande mmoja, nikaikazia macho. Dakika 14, nimepima. Chai ilipoa nusu nikaimalizia hivyohivyo. Bosi kaniuliza kama nimepata habari mbaya nyumbani.

Jumamosi napanda Morningside, kule milima ya Uluguru, na mdogo wangu, nione nitafika wapi. Dada wa Tanga, swali moja: glavu zako zilikuwa za sufu au za mpira kiganjani? Na Mgumu, nitakutumia ujumbe pembeni.

Mke wangu kasoma uzi huu. Balbu ya jikoni imeungua tangu jana, na ngazi keshaitoa stoo.