Mfumuko wa bei umepungua, mbona bei ya mchele haishuki?

Muuza Nafaka

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina duka la nafaka hapa Morogoro. Kila mwezi husikia redioni taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuhusu mfumuko wa bei, na wateja wangu husikia taarifa hiyo hiyo. Juzi mama mmoja alichomoa kibao cha bei kwenye gunia la mchele, akakishika mkononi na kuniuliza kwa nini mimi sijapunguza ilhali redio imeshatangaza kwamba mfumuko umeshuka. Nilikosa jibu, nikampunguzia shilingi mia ili yaishe.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, mfumuko ukipungua, je, bei hazipaswi kushuka? Pili, nasoma kwamba Benki Kuu husimamia "ujazi wa fedha", yaani jumla ya fedha zilizomo katika uchumi, na kwamba fedha zikizidi bei hupanda. Je, uhusiano huo ni wa moja kwa moja kiasi hicho? Na kama kupanda kwa bei ni ugonjwa, kwa nini wataalamu wanaogopa pia kushuka kwake?

Mhasibu Mstaafu

Ndugu Muuza Nafaka, hukumdhulumu mama yule, na wala redio haikusema uongo. Tuchukue hicho kibao chako. Tuseme mwaka juzi kiliandikwa shilingi 2,000 kwa kilo, na mwaka jana ukakibadilisha kuwa 2,400. Hilo ni ongezeko la asilimia 20. Mwaka huu kikiandikwa 2,472, ongezeko ni asilimia 3 tu, kwa hiyo mfumuko umeanguka kutoka 20 hadi 3, lakini mteja analipa zaidi kuliko wakati wowote. Kinachopimwa ni kasi ya mabadiliko ya bei, na kilichopungua ni hiyo kasi. Ili kibao kirudi 2,000, mfumuko ungepaswa kwenda chini ya sifuri, na hapo ndipo tunapozungumzia mporomoko wa bei, jambo ambalo ni nadra sana katika nchi zetu.

Ongeza na hili: takwimu ya taifa ni wastani wa kapu zima la bidhaa na huduma, ambamo mna nauli, kodi ya nyumba na vifurushi vya simu. Mchele unaweza kupanda wakati kapu limetulia.

Mzaliwa wa Pwani

Swali la ujazi wa fedha lina kisa kilichoanzia kwenye fukwe zetu wenyewe, na nashangaa kwamba hakisimuliwi zaidi.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Magharibi, kwa karne nyingi, simbi (kauri) za baharini zilikuwa fedha halali ya sokoni. Zilizotumika zaidi zilikuwa simbi ndogo za Maldivi, ambazo zilisafirishwa kutoka mbali na kwa gharama kubwa, na kwa sababu hiyo hazikuongezeka ovyo. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, wakiwemo Hertz na O'Swald, wakagundua kwamba pwani ya Afrika Mashariki ina simbi za aina nyingine, kubwa kidogo, ambazo wenyeji waliziokota maji yanapokupwa na ambazo bei yake Zanzibar ilikuwa ndogo mno. Wakazijaza merikebuni, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kwenda kununulia mafuta ya mawese huko Lagos na Ouidah.

Fikirini mwenye soko wa kule aliona nini. Michikichi haikuongezeka kwa kasi ya merikebu zile. Fedha iliongezeka, mafuta yakabaki karibu yale yale, na kila simbi ikanunua kidogo kuliko jana. Mzigo wa simbi 20,000, ambao ulitosha kumlemea mpagazi mmoja, uliendelea kupoteza thamani hadi gharama ya kuubeba na kuuhesabu ikawa sehemu kubwa ya bei ya bidhaa yenyewe. Aliyekuwa amezika akiba yake ya simbi chini ya sakafu hakuibiwa hata moja, lakini alifilisika.

Aliyefaidika ni yule aliyezitumia wa kwanza, kabla bei hazijapanda. Na hilo ndilo jibu kwa wale wanaouliza kila mwaka kwa nini serikali isichape noti ikalipa madeni yake. Zimbabwe ilijaribu njia hiyo wakati uzalishaji wa mashambani umeporomoka: kufikia Julai 2008 mfumuko uliotangazwa rasmi ulikuwa asilimia milioni 231, na Januari 2009 ikatolewa noti ya dola trilioni 100. Watu walikwishahamia kwenye dola ya Marekani na randi.

Mchumi wa Dodoma

Kisa cha simbi ni kizuri, lakini kinaweza kumpotosha Muuza Nafaka akadhani kwamba fedha ikiongezeka kwa asilimia kumi, bei nazo hupanda kwa asilimia kumi. Japani inatukataza kusema hivyo. Benki Kuu ya Japani ilianza kumwaga fedha kwa wingi katika mabenki mwaka 2001, ikarudia kwa nguvu zaidi kuanzia Aprili 2013 chini ya gavana Haruhiko Kuroda, ikilenga mfumuko wa asilimia 2. Fedha za msingi, yaani noti pamoja na akiba za mabenki zilizo Benki Kuu, ziliongezeka kwa kiwango kikubwa mno, lakini kwa miaka mingi lengo halikufikiwa kwa uthabiti. Ilibidi kusubiri hadi 2022, chakula na nishati vilipopanda duniani na thamani ya yeni ikashuka.

Sababu ni kwamba fedha ambayo Benki Kuu huiweka katika akaunti za mabenki haijafika bado dukani kwako. Sehemu kubwa ya ujazi wa fedha si noti, ni amana, na amana nyingi huzaliwa pale benki ya biashara inapomkopesha mtu na kuandika kiasi hicho katika akaunti yake. Benki zisipokopesha, au watu wasipotaka kukopa, fedha hulala. Salio la pesa za kwenye simu, kwa kuwa najua mtu ataliuliza, si fedha mpya: kila shilingi uliyonayo kwenye simu ina mwenzake aliyewekwa katika akaunti ya dhamana benki.

Ndiyo maana Benki Kuu ya Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilisimamia sera yake kwa kulenga kiasi cha fedha, Januari 2024 ilihamia kwenye mfumo wa riba, ikaanza na riba ya asilimia 5.5 na kuipandisha hadi 6 mwezi Aprili. Bei ya kukopa ni rahisi kuishika kuliko kiasi kinachozunguka.

Muuza Nafaka

Nawashukuru sana. Bado hilo la bei kushuka linanisumbua. Yule mama angefurahi.

Mhasibu Mstaafu

Angefurahi wiki ya kwanza. Mavuno yakiwa mazuri na mchele ukashuka, hakuna ubaya, na wala huo si mporomoko tunaouogopa. Tunaouogopa ni ule wa bei zote pamoja na mishahara.

Chukua fundi seremala aliyekopa shilingi milioni 6 wakati kiti kinauzwa 30,000. Anadaiwa viti 200, tukiacha riba. Bei zikishuka na kiti kikauzwa 24,000, deni halijaguswa kwenye karatasi, lakini sasa anadaiwa viti 250. Atapunguza vijana karakana, vijana hao hawatanunua mchele kwako, nawe utashusha bei tena. Fundi akishindwa kabisa kulipa, benki nayo inayumba. Marekani, kati ya 1929 na 1933, hakuna aliyechoma noti, lakini maelfu ya mabenki yalifilisika, watu wakaondoa akiba zao, na ujazi wa fedha ukapungua kwa takriban theluthi moja. Bei za rejareja zilishuka kwa takriban robo, na aliyekuwa na fedha taslimu alinunua kwa raha, mradi bado alikuwa na kazi.

Muuza Nafaka

Nimeelewa, Mzee wangu, na nimeelewa pia kwa nini wanachama wenzangu wa SACCOS wenye mikopo hawalalamiki sana bei zikipanda. Kibao nimekirudisha kwenye gunia, shilingi mia niliyoipunguza nimeirejesha kwenye bei, na mama yule nitamwandikia hesabu ya 2,000, 2,400 na 2,472 nyuma ya risiti.